Pete ya Shangazi

Shangazi alikuwa analalamika tangu waliporuka kutoka Tukuyu asubuhi, na Ambakisye, rubani msaidizi, alishamzoea. Mlango haujabana vizuri. Upepo umegeuka. Mafuta yamepungua kuliko jana, kana kwamba jana walikuwa wanaenda kulekule. Rubani akipiga chafya, ipo siku na hiyo ataisema.

Hakuwa mtu, jamani. Alikuwa kizuizi cha nguvu, kisanduku cha ukubwa wa mkate kilichofungwa chini ya kiti, na kazi yake ilikuwa kuzilinda injini mbili za helikopta zisiunguzwe na marubani wenye papara. Marubani wenyewe ndio waliomwita Shangazi, kwa sababu ana neno juu ya kila jambo, na akikataa, ndoa haifungwi. Siku hiyo, ajabu, alikubali.

"Uzito unafaa," akasema kwa sauti yake ya upole wa kaunta ya benki.

"Leo kaamkia upande mzuri," akasema Kapteni Sekela Mwambene, na Ambakisye akacheka kidogo, ingawa pale hapakuwa na cha kuchekesha.

Walikuwa ukingoni mwa kijiji cha Kyambala, juu kabisa ya milima ya Livingstone, mahali ambapo hewa ni nyepesi hata kibiriti kinasitasita kuwaka. Mlima ulikuwa umemeguka na kuangukia nyumba. Wanakijiji walimchimbua Mama Gwantwa kwa majembe na kwa mikono mitupu, wakamkuta boriti la paa limemlalia tumboni. Sasa alikuwa amelazwa nyuma ya helikopta, na muuguzi Lugano alipomgusa tumbo alilikuta gumu kama ubao.

"Anavujia ndani," akasema kwenye kipaza sauti. "Tukivuka moja kwa moja mpaka hospitali, tunamwahi. Tukichelewa njiani, sina cha kufanya, niwaambie ukweli."

"Tunavuka," Sekela akasema. "Ambakisye, soma."

Kusoma ndiyo ilikuwa kazi ya rubani msaidizi. Zamani, kabla ya Shangazi, kioo cha mbele ya rubani kilijaa saa za kila namna: saa ya nguvu inayosokota mapanga ya juu ya helikopta, saa ya joto, saa ya mwendo wa injini, na zote mara mbili, kwa sababu injini ni mbili. Macho yalikuwa yanachoka. Shangazi alipokuja akazifuta zote, akaweka mshale mmoja mrefu kwa kila injini. Katika nguvu, joto na mwendo, kile kilicho karibu zaidi na hatari ndicho mshale hukionyesha. Ukigusa mstari mwekundu, kimojawapo kimefika mwisho, na Shangazi anashika breki. Rahisi kabisa. Chuoni walifundishwa mpaka wakaimba: mshale ukianguka, injini hiyo imekufa, mshale mrefu ndio mzima, umebeba mzigo wa mwenzake.

Saa moja tu ya zamani ilibaki, ndogo, chini karibu na goti la rubani. Hiyo ilionyesha mapanga ya juu yanazunguka kwa kasi gani, na Shangazi hakuhusika nayo. Sheria iliyomtengeneza ilisema alinde injini tu. Mapanga ni ya rubani.

Marubani wengi waliisahau ile saa kama unavyosahau kitovu chako. Sekela hakuisahau. Kwenye helikopta yake kila kitu kilisomwa kwa sauti, kuanzia juu mpaka pale chini, na anayerusha lazima aitikie. Wenyewe waliita kusoma mpaka gotini. Kambini watu walimtania Ambakisye kwamba kapangiwa kazi na mwalimu wa madrasa, na yeye mwenyewe, kusema kweli, alikuwa anaona aibu kidogo.

Sekela akainua wenzo taratibu. Helikopta ikajitenga na majani, ikasogea ukingoni, na ardhi ikawatoka chini ya miguu. Palikuwa na bonde lililojaa ukungu, na ng'ambo ya bonde safu ya mlima waliyotakiwa kuivuka. Nyuma ya safu hiyo ndiko ilikokuwa hospitali.

"Kushoto sita, kulia sita."

"Nimesikia."

"Kushoto saba, kulia saba."

"Nimesikia."

"Kushoto..." Ambakisye akakwama. Mshale wa kushoto ulikuwa unaporomoka. Wa kulia ulipanda mbio mpaka ukagota kwenye mstari mwekundu, ukabaki unatetemeka hapo. "Kushoto inakufa! Kushoto mbili, kulia kumi!"

Mkono wa Sekela ulikwisha shusha wenzo kabla Ambakisye hajamaliza kusema. Ndivyo walivyofundishwa wote: ukibaki na injini moja, punguza mzigo upesi mapanga yasije yakalegea. Helikopta ikaanza kuzama kuelekea kwenye ukungu.

"Injini ya kushoto haina nguvu," akasema Shangazi, bila haraka yoyote. "Nimeibana ya kulia isiungue. Kuvuka mlima haiwezekani. Shukeni uwanda wa Igeta, mkono wa kushoto."

"Igeta kuna nini?" Lugano akauliza kutoka nyuma.

"Nyasi," Sekela akasema. "Nyasi na kondoo."

"Barabara?"

"Ilikwenda na mvua."

"Basi mkishuka hapo mimi kazi yangu itakuwa kumfunika shuka. Mama Gwantwa! Usifumbe macho, mama. Hebu niambie tena, mtoto wako wa mwisho anaitwa nani?"

Sauti dhaifu ikataja jina ambalo Ambakisye hakulisikia vizuri. Sekela akavuta pumzi.

"Shangazi, nataka nguvu ya dharura."

Juu ya vichwa vyao palining'inia pete nyekundu yenye vishikio viwili. Ikivutwa, Shangazi huachia, na injini moja hutoa nguvu zote ilizoumbwa nazo kwa nusu dakika, zaidi ya mstari mwekundu, zaidi ya akili. Nusu dakika hiyo ilitosha kabisa kuruka safu ile. Lakini injini iliyotumika hivyo haifai tena. Hufunguliwa, hutiwa kwenye sanduku, husafirishwa kwa meli, na miezi hupita kabla haijarudi. Tangu madaraja yachukuliwe na mafuriko, helikopta ile ilikuwa peke yake kuanzia Kitulo mpaka ufuoni mwa Ziwa Nyasa. Kuiunguza injini maana yake wote wanaosubiri kubebwa wangebaki wanasubiri.

Ndiyo maana pete ilitaka mikono miwili, ya nahodha na ya msaidizi, kwa hiari ya kila mmoja. Na ndiyo maana, kabla ya kuvutwa, Shangazi alilazimika kumtaja anayefuata kwenye zamu. Waliotunga sheria walisema rubani asiifanye injini ya watu kuwa yake. Kwanza amsikie kwa jina yule anayemnyang'anya. Naye huyo hupelekewa ujumbe, ajue zamu yake ilishikwa na nani.

"Wanaosubiri wako tisa," Shangazi akasema. "Wa kwanza ni Tumpe Mwaisela, Matema, kesho asubuhi. Mjamzito. Kondo limeziba njia ya mtoto. Hawezi kujifungua bila upasuaji."

Ambakisye alijua. Alijua tangu wiki iliyopita, yeye ndiye aliyekwenda mwenyewe kuomba zamu ile. Tumpe ni dada yake. Ndiye aliyembeba mgongoni, aliyemchongea helikopta ya kwanza kwa bua la mahindi, aliyezika mimba mbili akiwa amekauka macho na kusema Mungu yupo. Hii ilikuwa ya tatu.

Sekela naye alijua. Hakugeuka kumtazama.

"Mimi mkono wangu uko tayari," akasema. "Wako siwezi kukulazimisha, mdogo wangu. Tukishuka Igeta, fundi atapanda kwa miguu na kipuri mgongoni, kesho tunaruka. Tumpe anawahiwa."

"Na huyu?"

Nyuma Lugano alikuwa anauliza majina ya watoto upya, wa kwanza nani, wa pili nani, na majibu yalikuwa yanachelewa.

Ambakisye aliogopa, tena aliogopa vibaya. Alimchukia Shangazi, akawachukia walioandika sheria wakiwa wamekaa kwenye viti vyao, akamchukia hata yule mama wa watu kwa kuwa na tumbo linalovuja siku hiyo badala ya siku nyingine. Akageuza shingo amtazame, labda moyo ukubali kumwacha. Akaona nyayo zake tu, zimetokeza kwenye blanketi, udongo wa Kyambala umekaukia kwenye nyufa za visigino. Visigino vya mtu anayelima. Tumpe ana visigino kama hivyo hivyo.

Akainua mkono akaishika pete.

"Pete imeshikwa na rubani msaidizi," Shangazi akatangaza.

Sekela akaishika upande wake.

"Vuta, Kapteni," Ambakisye akasema. Alitaka jambo liishe sasa hivi, kabla moyo haujageuka.

"Soma kwanza."

"Nini?"

"Soma. Mpaka gotini."

"Kapteni, tunazama! Nimeshika! Unataka nini tena kwangu?"

"Nataka usome," Sekela akasema. "Sivuti kitu ambacho sijakisikia. Haraka."

Basi akasoma, na machozi yanamtiririka, kwa hasira za kutosha kupasua kioo. Akabonyeza kitufe cha kuzileta tarakimu zilizofichwa nyuma ya mishale, akazitupa moja moja.

"Mafuta ya kulainisha, kushoto sawa, kulia sawa!"

"Nimesikia."

"Joto la kulia, juu! La kushoto, chini, ila moto unawaka."

"Nimesikia."

"Mwendo wa kulia, juu! Wa kushoto, chini, umetulia."

"Nimesikia."

"Mapanga, mia na nne!"

Mkono wa Sekela ukalegea kwenye pete.

"Rudia," Sekela akasema.

"Mapanga, mia na nne kwa mia."

"Yanashuka?"

Akainama kuitazama ile saa ndogo vizuri, kwa mara ya kwanza siku hiyo akiitazama kwa macho ya kutaka kujua. "Hayashuki. Mia na tano. Yanapanda, Kapteni."

"Haya. Injini ikifa, mapanga yanalegea. Haya yanakimbia. Nani anayasukuma?"

Ilimchukua pumzi moja, kisha mwili mzima ukamsisimka. Loo! Kushoto haikufa. Kushoto ilikuwa nzima, imejirudisha nyuma yenyewe kwa adabu, kwa sababu mapanga yalikuwa yanapewa nguvu kupita kiasi. Mgonjwa alikuwa kulia. Kulia ilikuwa imepandwa na wazimu, inajimwagia mafuta bila kuombwa, na wao wakauona mshale wake umesimama wima wakasema huyo ndiye shujaa. Shangazi naye, ambaye macho yake yanaishia kwenye injini, aliona moja fupi na moja ndefu, akahukumu kama alivyofundishwa. Helikopta ilikuwa inazama kwa sababu moja tu, kwamba Sekela ameishusha kwa mkono wake mwenyewe. Na hiyo injini yenye wazimu ndiyo waliyokuwa wanataka kuifungulia breki.

"Mungu wangu," akasema. "Ingepasuka."

"Achia pete."

Akaiachia.

"Shika kishikio cha mafuta cha kulia," Sekela akasema. "Unaipunguza kidogo kidogo, kwa mkono. Macho gotini. Kama tumekosea, mapanga yatashuka chini ya mia, na hapo urudishe upesi, maana ndiyo itakuwa imetubeba peke yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na kama hatujakosea, kushoto itaamka."

Ukungu ulikwisha anza kulamba vioo. Ambakisye akavuta kishikio kiasi cha upana wa ukucha.

"Onyo," Shangazi akasema. "Mnapunguza injini nzima."

"Tunakuomba utulie kidogo, Shangazi," Sekela akamjibu, kwa heshima zote.

"Mapanga mia na tatu," Ambakisye akasoma. Akavuta tena. "Mia na mbili. Mia na moja." Jasho lilimwingia jichoni na hakuthubutu kulifuta. "Mia."

"Endelea."

Hapo ndipo palipokuwa na kifo, kama kilikuwepo. Akavuta. Mshale wa kulia ukateremka, nane, saba. Akaikodolea macho ile saa ndogo mpaka yakauma.

"Mia," akasema. "Bado mia. Imekaa mia! Kushoto nne... kushoto tano! Kapteni, inaamka! Kushoto sita, kulia sita!"

"Nimesikia," Sekela akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka katikati. Akainua wenzo.

Helikopta ikapanda. Ilitoka kwenye ukungu ikiwa imekwisha lowa, jua likawapiga usoni wote wawili, na safu ya mlima ikapita chini yao na mawe yake na vichaka vyake, karibu kiasi cha kuona mbuzi mmoja aliyeinua kichwa kuwashangaa. Ambakisye alicheka. Alicheka huku kamasi zinamtoka, mkono bado umekamatia kishikio cha kulia, na Sekela akacheka pia, akapiga paji la uso kwa kiganja na kusema weee, weee, weee.

"Mnacheka nini huko mbele?" Lugano akafoka. "Kuna mgonjwa huku!"

"Nguvu inatosha," Shangazi akasema.

*

Hospitali walimpokea Mama Gwantwa kwenye machela kabla mapanga hayajasimama. Fundi alifungua kifuniko cha injini ya kulia, akachungulia, akaingiza vidole viwili na kutoa kijivali, kilango cha kupitishia mafuta, kilichonasa kikiwa wazi, akakiweka kwenye kiganja cha Ambakisye. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya harage. Kingine kilikuwepo stoo, na kabla ya jioni injini ilikuwa inazunguka kwa utulivu, haina hata kovu.

Ambakisye alikaa kwenye ngazi ya helikopta akiwa ameishika simu. Tumpe alikuwa amepiga mara nyingi. Sheria haikujali kwamba pete haikuvutwa. Kuishika tu kunatosha, na ujumbe ulikwisha fika Matema: *zamu yako imeshikwa na rubani msaidizi, Ambakisye Mwaisela.* Baadaye ulifuata wa pili kusema pete imeachiwa, zamu iko palepale. Lakini wa kwanza alikwisha usoma.

Sekela akaja akaketi karibu naye, akavua viatu.

"Pokea."

"Nitamwambia nini?"

"Sijui." Akakunja na kukunjua vidole vya miguu. "Angekuwa mdogo wangu Subilaga, sidhani kama mkono wangu ungenyanyuka. Nakwambia kwa kweli. Nilikuwa nimeishika pete namwomba Mungu wewe ukatae, ili isiwe mimi niliyemwacha yule mama, na ukikubali, isiwe mimi niliyemnyima Tumpe. Nahodha mzima."

Ambakisye alimtazama. Hakuwahi kumwona Kapteni Sekela akiogopa, na sasa alimwona, na akampenda zaidi.

"Ndiyo sababu ukaniambia nisome?"

"Nilikwambia usome kwa sababu tunasoma," Sekela akasema. "Sikujua lolote."

Lugano akatokea mlangoni, aproni imechafuka, mikono kiunoni. Wote wawili wakasimama.

"Wameufunga mshipa," akasema. "Ameamka. Anadai uji, halafu akishaambiwa asubiri anagomba. Amesema niwaambie ndaga fijo, asanteni sana, na eti mbona helikopta yenu ilikuwa inashuka halafu inapanda, nyie mmejifunzia wapi kuendesha."

Sekela akajishika magoti kwa kicheko. Ambakisye aliketi tena kwenye ngazi, akashusha pumzi ndefu, ile iliyokuwa imemkaa kifuani tangu Kyambala. Simu hakuipokea. Alitaka kumwona uso kwa uso.

*

Asubuhi iliyofuata walishuka Matema kukiwa kumetulia, Shangazi akilalamikia mchanga unaorushwa na mapanga. Tumpe alikuwa amesimama mbele ya zahanati, tumbo limetangulia, khanga mbili, kikapu mkononi. Wifi zake walikuwa wamemzunguka ili wamshike. Akawasukuma kando, akaja peke yake, polepole, na uso wake haukuwa na salamu.

Ambakisye akashuka, akavua kofia ya chuma. "Shikamoo, dada."

"Ni wewe uliyeishika?"

"Ni mimi."

"Na ulijua zamu ni ya nani?"

"Lilitajwa jina lako, dada. Nilijua."

Mhudumu wa zahanati aliyekuwa anaongea na simu mlangoni aliishusha.

"Nililia jana," Tumpe akasema. "Nilikaa chini pale kwenye mchanga nikalia mpaka mtoto akanipiga teke. Nikasema, huyu niliyemlea mimi." Akapangusa pua kwa ncha ya khanga. "Huyo mama yuko wapi?"

"Hospitali. Amepona. Jana alikuwa anadai uji."

"Ana watoto?"

"Wanne. Wa mwisho ananyonya."

Tumpe alimtazama mdogo wake jicho moja baada ya jingine, kama alivyokuwa anamkagua zamani akitoka kuoga mtoni. Ambakisye hakuinamisha uso.

"Mkono gani?" Tumpe akauliza.

"Nini?"

"Ulioshikia pete. Mkono gani?"

Akaunyanyua wa kulia. Tumpe akamkabidhi wifi yake kikapu, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akaubana sana, akaulaza juu ya tumbo lake mahali ambapo mtoto alikuwa anajigeuza.

"Basi nipandishe kwa huuhuu," akasema. "Ngazi yenu iko juu."